Urefu wa Korido ya Wodi ya Nne

Raili Hietamäki alifika kazini kabla ya saa moja asubuhi, akatundika koti lake lililolowa, akabadilisha viatu, na alipofika kwenye stoo ya mashuka akakuta skuta haipo. Ilikuwa skuta ya kawaida, ya kusukuma kwa mguu mmoja, yenye kikapu mbele. Wauguzi wa wodi ya nne walikuwa wakiitumia kupeleka dawa na vichupa vya damu tangu jengo lilipofunguliwa, na magurudumu yake yalikuwa yamebadilishwa mara nyingi kuliko wakurugenzi. Mahali pake palikuwa na boksi lililojaa bangili za mpira za kijani.

"Skuta imekwenda wapi?" aliuliza.

"Wameichukua," alijibu Kirsi, muuguzi mkuu wa wodi, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Ukipanda skuta huhesabiwi hatua. Chukua bangili yako, jina liko kwa ndani."

Raili aliichukua kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa uchafu kwenye sinki. Machale yalimcheza papo hapo. Hakuwahi kuona hospitali ikimpa muuguzi kitu cha bure bila baadaye kukidai, tena na nyongeza.

Hii ilikuwa Oktoba, katika mji mdogo ulio katikati ya maziwa, mashariki mwa Finland. Wakubwa wa ghorofa ya juu walikuwa wamegundua kwamba wauguzi wanaugua kupita kiasi: migongo, magoti, kukosa usingizi. Wawili wa wodi ya nne walikuwa wameacha kazi tangu theluji ilipoyeyuka, na nafasi zao hazikujazwa, kwa hiyo waliobaki walikuwa wakigawana zamu zao. Akaitwa mtaalamu kutoka mji mkuu. Alikaa kidogo, akala supu ya samaki kantini, akasema tatizo ni miili. Miili ya wauguzi haikuwa imara ya kutosha kwa kazi iliyopo. Dawa yake ilikuwa bangili. Ilisoma hatua, mapigo ya moyo na usingizi, ikapeleka kila kitu kwenye simu ya mwenyewe, na kutoka kwenye simu kikaenda mahali pengine ambapo hapakutajwa. Kila wodi ilipewa lengo la siku. Wodi ikilifikia, bangili zote zilitetemeka kwa furaha, na kesho yake lengo likapanda.

"Mimi kazi yangu ni kutembea," Raili aliwaambia wenzake wakati wa kahawa. "Nikitoka hapa nataka kukaa. Hakuna bangili ya kukaa?"

"Ipo," alisema Jonna. "Inaitwa pensheni."

Walicheka wote, hata Kirsi. Jonna alikuwa mdogo kuliko wote wodini, msichana mwenye miguu mirefu aliyekimbia kuzunguka ziwa kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Mkataba wake ulikuwa wa muda, ukifufuliwa kila ulipokaribia kufa. Kwenye skrini iliyotundikwa kantini jina lake lilikuwa la kwanza tangu siku ya kwanza. Raili alilitazama jina lile kila alipokwenda kuchukua chakula, na kila mara alijiuliza msichana yule anatembea kwa ajili ya nani.

Chumba cha mwisho, upande wa kushoto, alilazwa Helvi Nurmela. Kwa miaka mingi Helvi ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi hiyo hiyo. Ndiye aliyemfundisha Raili kazi, na kufundisha kwake kulikuwa kwa ukali: aliwahi kumtandikisha kitanda kimoja asubuhi nzima mpaka binti wa watu akalia juu ya shuka. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imejaa maji, na pumzi ilimjia kwa vipande. Lakini nywele zake chache alitaka zichanwe kabla ya daktari kupita, na mafumbo ya maneno gazetini aliyajaza kwa kalamu ya wino. Raili alimwita "Sista", kama zamani. Yeye alimwita Raili "msichana", ingawa msichana mwenyewe alikuwa na wajukuu.

Kila siku kabla ya adhuhuri Raili alimpelekea kahawa na kipande cha mkate wa iliki. Wiki ya pili ya bangili, Helvi alionja, akakunja uso.

"Hii kahawa umeitoa wapi, Lapi kwenye barafu?"

"Nimeimimina sasa hivi, Sista."

"Usinidanganye. Kahawa ya sasa hivi naijua. Hii imesimama mahali ikipiga soga."

Raili alikigusa kikombe. Kweli kahawa ilikuwa imepoa. Aliporudi aliona kwamba njia ya kurudi mezani kwao ilimchukua muda mrefu kuliko alivyozoea, na akaitilia mashaka miguu yake kwanza. Mtu wa umri wake huanza kwa kujishuku mwenyewe. Usiku huo alijipaka dawa ya misuli, hakumwambia mumewe kitu, na asubuhi akavaa viatu vipya. Kahawa ikafika imepoa zaidi.

Akahamishia mashaka kwa Jonna. Alimwona mara mbili kwenye stoo ya mashuka akiutikisa mkono wake, akadhani anaitikisa bangili ili imhesabie hatua za uongo, na lengo la wodi likipanda kwa udanganyifu wa mmoja, wote ndio watakaolipa kwa magoti.

"Unatikisa nini?" alimwuliza.

"Mkono umekufa ganzi, dada. Nimembeba mzee wa chumba cha saba peke yangu. Ulikuwa wapi wewe?"

"Nilikuwa kwa Helvi."

"Kwa Helvi, muda wote huo?" Jonna alimkazia macho. "Kila siku uko kwa Helvi. Unaenda kunywa naye kahawa au unaenda kuzaliwa upya?"

Raili akaona kwamba na yeye anashukiwa. Tangu hapo wodi nzima ikawa hivyo. Mtu akichelewa kurudi kutoka vyumba vya mwisho, wenzake walitazamana. Wa zamu ya asubuhi waliwasema wa zamu ya mchana, wa mchana wakawasema wa asubuhi, na mezani watu wakaanza kukaa wakiwa wamefunika simu zao kwa viganja. Raili aliivuta chini mikono ya sweta hata alipoingia chooni, asije akahesabiwa na huko.

Aliyemaliza ubishi alikuwa Taisto, fundi wa majengo. Alikuja siku ya Alhamisi kubadilisha taa na akaishiwa taa njiani. Alisimama juu ya ngazi yake akitazama mbele, akitazama nyuma, kisha akashuka akatoa futi yake ya chuma. Alipima tangu mlango wa lifti mpaka ukuta wa mwisho. Kazi hiyo ilimla asubuhi yote, na alirudi supu ya njegere ikiwa imekwisha kantini.

"Imerefuka," alisema.

"Nini?" aliuliza Kirsi.

"Korido. Karibu mara mbili ya ilivyo kwenye ramani."

"Na kwa nje?"

Taisto alikuwa amekwisha kulizunguka jengo, mvua ikimnyeshea. "Nje hakuna tatizo. Nje ni lile lile."

Kirsi akaandika. Raili alimwuliza Taisto kama majengo huwa na tabia hiyo. Taisto alijikuna shingo. Alisema saruji hunywea na mbao huvimba, lakini sakafu hii ya plastiki iliwekwa kipande kimoja, na hakuona popote ilipoungwa. Alichoweza kusema ni kwamba madirisha yalikuwa yale yale, ila yameachana zaidi kuliko zamani, kama watu waliokosana.

"Urefu hautoki hewani, dada," alimwambia Raili kwa sauti ya chini wakati akikunja ngazi. "Ukiona umezidi hapa, ujue kuna mahali umepungua. Mimi ningetafuta huko."

Sasa Raili alijua, na baada ya kujua akawa anaiona. Adhuhuri moja alikuwa katikati ya korido na trei ya dawa, bangili ikatetemeka kwa furaha kwamba lengo la wodi limefikiwa. Papo hapo sakafu ilishusha pumzi ndogo, kama mtu anayelegeza mkanda baada ya kula, na saa ya ukutani aliyokuwa akiielekea ikasogea mbali kidogo. Aliendelea kutembea. Dawa zilikuwa na saa zake.

Kufikia Novemba watu walikuwa wameizoea. Mgawa chakula aliwasha jiko dogo kwenye gari lake ili uji usigande kabla ya vyumba vya mwisho. Daktari alipita kila siku kwenye vyumba vya mwanzo, na vyumba vya mwisho alivipitia alipopata nafasi. Wauguzi walikuwa wamepungua unene, vigimbi vya miguu vimewajaa, na skrini ya kantini iliiweka wodi ya nne juu ya wodi zote. Huko mwisho hata hali ya hewa ilikuwa mbele: kwenye meza ya wauguzi madirisha yalionyesha mvua, na kwa Helvi theluji ilikuwa imekwisha kulala.

Helvi peke yake ndiye aliyekataa kuamini.

"Mmenihama," alimwambia Raili. "Napiga kengele, nahesabu pumzi zangu, nachoka kuhesabu. Halafu unakuja unahema kama umetoka shamba. Unaniigizia."

"Korido imerefuka, Sista. Hata Taisto ameipima."

"Msichana, wodi hii niliitembea mimi kabla hujajua kufunga bandeji. Najua korido hii ni pana wapi na nyembamba wapi. Sema tu ukweli. Unanilipizia lile shuka."

"Shuka gani?"

"Unalijua."

Raili alimrekebishia mito. Alipotoka mlangoni machozi yalimlenga, na yalikuwa yamekauka muda mrefu kabla hajafika kwa wenzake. Aliweza kuvumilia magoti, aliweza kuvumilia Jonna, lakini kushukiwa na Helvi kulimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Alimwendea Kirsi akamwomba amhamishie Helvi chumba cha karibu.

"Vya karibu vimejaa," alisema Kirsi.

"Cha tatu kinaachwa kesho."

Kirsi aliinuka akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa haki kwa kawaida yake, na haya ilimjaa usoni. "Raili, sikiliza. Nusu ya hatua za wodi hii zinatoka kwake. Anapiga kengele mara nyingi. Tukimleta karibu, tunaanguka mpaka chini ya wodi ya upasuaji. Nimeulizwa na wa juu, nimeambiwa tusivuruge kinachofanya kazi."

"Nani amekuuliza?"

"Wa juu."

Raili akapanda lifti kwenda huko juu, akiwa bado na aproni. Alikuwa amejiandaa kwa mwendo, kwa sababu ofisi ya mkurugenzi Vuolle ilikuwa mwisho wa korido ndefu yenye picha za maziwa, na alitaka kuyapanga maneno yake njiani. Lifti ilipofunguka, goti lake lilikaribia kugonga meza ya mkurugenzi. Korido haikuwepo. Picha za maziwa zilikuwa zimebanana ukutani, fremu juu ya fremu, na milango yote ya wakubwa ilifunguka kwenye kipande cha zulia kisichotosha kulala mbwa. Vuolle alikuwa na soksi tu miguuni. Alinyoosha mkono, bila kusimama akachukua kahawa kwenye mashine iliyokuwa zamani chumba kingine, akampa.

"Karibu, karibu! Unaona? Huku tumeondoa umbali kati ya watu."

"Umbali huo uko kwetu," alisema Raili.

Vuolle alitikisa kichwa kwa huruma. Alikuwa na tumbo jipya na uso wa mtu anayelala vizuri. "Nimeona taarifa ya fundi. Tumeijadili. Lakini tazama moyo wako, dada." Akageuza skrini. Pale palikuwa na moyo wa Raili, mstari wa kijani ukipanda na kushuka, na ulipanda mbele ya macho yake kwa kuwa alikuwa na hasira. "Mapigo ya mtu wa miaka arobaini. Ungeupata wapi moyo huu bila sisi?"

"Kuna mgonjwa anayepiga kengele na hatumfikii."

"Mnamfikia. Nimeona hatua zote. Kila kengele ina hatua zake mpaka mwisho." Alilainisha sauti. "Isipokuwa kama kuna mtu anavua bangili. Kuna mtu anavua?"

Raili aliweka kikombe mezani bila kuonja. Kahawa yake ilikuwa ya moto sana.

Alikuwa hajawahi kufikiria kuvua. Wazo hilo alipewa na Vuolle mwenyewe, na alishuka nalo kwenye lifti kama mtu aliyeiba kitu. Siku ya pili walipokuwa wawili na Jonna kwenye zamu, alimweleza. Wazivue wote, asubuhi hadi mchana, waone korido itafanya nini.

Jonna alimtazama kwa upande. "Na mkataba wangu unaisha kabla ya Krismasi. Halafu wewe mkataba wako hauishi. Hii si kwamba nashuka mimi kwenye skrini upande wewe?"

"Jonna, mimi nataka kupanda wapi? Nataka kahawa ifike ikiwa ya moto."

Msichana alifikiri huku akijisugua bega. Kisha akaivua yake akaitupa kwenye droo ya bandeji, na Raili akaitupa yake juu yake, na mgawa chakula aliyekuwa akipita akaitupa ya kwake bila hata kuuliza, kwa sababu ilikuwa inamwasha.

Korido ilianza kurudi kabla ya saa ya kahawa. Ilirudi bila kelele, mlango baada ya mlango, madirisha yakisogeleana. Raili alikwenda kwa Helvi, na kikombe kilifika kinatoa moshi. Helvi alionja. Akaonja tena.

"Leo umekumbuka kazi," alisema, na ilikuwa ndiyo sifa kubwa aliyowahi kumpa. Wakajaza fumbo pamoja. Kutoka kitandani waliweza kumsikia Jonna akiimba wimbo wa redioni kwenye meza ya wauguzi, akikosea maneno.

Kabla ya chakula cha mchana simu ya Kirsi iliita. Kirsi alitoka ofisini akiwa mweupe, akaifungua droo ya bandeji moja kwa moja, bila kutafuta. Zivaliwe sasa hivi. Wenye mikataba ya kudumu wataitwa kwa mazungumzo, na wa mikataba ya muda hakuna haja ya mazungumzo. Jonna aliivaa yake kwanza, hakumtazama mtu. Raili aliivaa ya mwisho. Alijiuliza ni nani aliyesema juu ya droo, Jonna au mgawa chakula au Kirsi mwenyewe, au ni bangili zenyewe, na jambo hilo hakulijua kamwe. Aliwashuku wote kwa zamu, na siku nyingine alijishuku yeye, kwamba huenda aliusema mpango wake usingizini na bangili ikiwa mkononi.

Kesho yake korido ilidai deni lake. Ilirefuka kwa yote iliyopoteza na nyongeza juu. Taisto alitumwa achore alama sakafuni ili watu wajue wamefika wapi, na katikati akafunga bomba la maji ya kunywa. Hakuna aliyemwomba apime tena.

Helvi alipiga kengele Jumanne ya mwanzo wa Desemba, mchana, mwanga ukiwa tayari umeanza kuondoka madirishani. Jonna alikuwa chumba cha pili na mgonjwa aliyeanguka. Kirsi alikuwa kwenye mkutano huko juu. Raili alisikia kengele, akaacha alichokuwa ameshika, akaanza kwenda.

Alitembea haraka, kisha akakimbia, kisha akashindwa kukimbia akatembea haraka tena. Alipita gari la chakula limeegeshwa, mgawa chakula mwenyewe amekaa juu ya ndoo akipumzika. Alipita bomba la maji. Kengele ilikuwa ikilia bado, na hiyo ilimtia moyo, maana kidole kilichobonyeza kilikuwa na nguvu. Halafu ikanyamaza. Bangili ikatetemeka ikampongeza. Kwenye simu mfukoni ulilia mlio wa fataki, kwa kuwa alikuwa amevunja rekodi yake. Aliitoa simu akaitupa kwenye kapu la nguo chafu bila kusimama.

Mbele, upande wa madirisha, aliona kitu cheupe kimekaa sakafuni. Alidhani ni shuka lililoanguka. Alipokaribia akaona ni Helvi. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, gauni la hospitali limemfika magotini, miguu yake iliyovimba iko wazi, na nyuma yake ilionekana njia aliyoikanyaga, alama za unyevu wa nyayo zikitoka mbali, mbali kuliko mtu wa moyo ule alivyoweza kufika. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inaanguka kwa utulivu.

Raili alipiga magoti akamshika. "Sista, umetokaje kitandani?"

"Nilikuja kuwashika," alisema Helvi. Maneno yalimtoka moja moja. "Nilidhani mko nyuma ya mlango. Mnanywa kahawa. Nikasema nitawakuta."

"Usiseme sasa. Vuta pumzi pole pole."

"Nimetembea, msichana. Nimetembea, nimetembea." Aligeuza kichwa akaitazama korido upande mmoja, ilikopotelea kwenye taa ndogo ya lifti, kisha upande wa pili, ambako mlango wake ulikuwa hauonekani. Aliitazama kama alivyokuwa akitazama kitanda kilichotandikwa, akitafuta kosa. "Kweli ni mbali," alisema.

"Ni mbali, Sista."

"Nilikusingizia."

"Yamekwisha hayo."

"Lile shuka lilikuwa zuri tangu mara ya kwanza," alisema Helvi. "Nilikuwa nataka tu uwe na hofu kidogo."

Raili alimkumbatia, akamfunika miguu kwa sweta lake. Aliita, na sauti yake ilikwenda ikachoka njiani. Hakukuwa na upande wa karibu wa kumkimbizia. Alikaa naye pale sakafuni akimpapasa nywele, akizipanga vizuri kwa vidole maana alijua angetaka hivyo, na Helvi aliendelea kuvuta pumzi kwa vipande, kila kipande kifupi kuliko kilichotangulia, mpaka kikakosekana kingine. Bangili ya Raili iliona kwamba amekaa muda mrefu. Ilimgusagusa mkono, ikimkumbusha ainuke.

Jonna alifika baadaye akisukuma kitanda, anahema, jasho limelowanisha kola. Aliona, akasimama. Hakumwuliza Raili alikuwa wapi. Walimwinua pamoja, mmoja mabegani na mwingine miguuni, wakamlaza, na wakaanza kusukuma kuelekea lifti. Wa zamu ya jioni waliwakuta bado wako njiani.

Uchunguzi ulifanywa, maana kila kifo nje ya kitanda huchunguzwa. Ilionekana kwamba mgonjwa alikuwa mzee na moyo wake dhaifu, kwamba kengele ilijibiwa papo hapo, na kwamba muuguzi alitembea bila kusita tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo uliopita matarajio. Juu ya korido iliandikwa kwamba urefu wake unalingana na mahitaji. Raili aliitwa kwa mazungumzo kuhusu simu iliyotupwa kwenye nguo chafu, akapewa nyingine.

Kabla ya Krismasi wodi ya nne ilitangazwa ya kwanza. Vuolle alishuka mwenyewe hadi kantini na kikapu cha machungwa, akapiga picha na wauguzi, yeye katikati, akiwa mnene na mwekundu kati ya watu wembamba. Alisema ushahidi sasa uko wazi: wodi iliyopungukiwa watu imeweza zaidi ya zile zilizokamilika. Kwa hiyo nafasi mbili za wodi ya nne, zilizokuwa zikisubiri kujazwa, zilifutwa. Mkataba wa Jonna ulifufuliwa tena, mpaka theluji itakapoyeyuka. Watu walipiga makofi wakala machungwa. Raili na Jonna walimenya moja wakagawana, na kila mmoja alikuwa bado hajui kama mwenzake ndiye aliyesema juu ya droo.

Chumba cha mwisho alilazwa mzee mwingine, Veikko Rautsalo, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo. Siku ya kwanza mkewe alikuja kumwona. Alikuwa bibi mfupi, amebeba begi la mgongoni lenye chupa ya chai, mkate mweusi wa nafaka ya rai na siagi, na soksi za ziada, kwa kuwa alikuwa ameuliza mjini akaambiwa. Alisimama kwenye meza ya wauguzi akiitazama korido.

"Wanasema ni mbali," alisema.

"Ni mbali, mama," alijibu Raili. "Lakini njia ni moja, huwezi kupotea. Shika upande wa madirisha. Katikati kuna maji."

Bibi alikaza kamba za viatu vyake, akasimama tena. Alionekana kuwa na neno, akalimeza, kisha akalitoa.

"Na yeye akipiga kengele?"

Raili alimtazama bibi yule usoni, kwa sababu aliona si haki kutazama pembeni.

"Tukiisikia tu, mama," alisema, "tunaanza kutembea."